Wakubwa Kumi na Mmoja, Mshonaji Mmoja

Kamembe, Rusizi
Jumapili, tarehe 22 Septemba 2024

Mpendwa Yaya Béatrice, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na shemeji Mukengere na wote mnaoishi nao hapo Ndola. Goti lako linaendeleaje? Parfait, huyu anayetubebea barua na mizigo, alipotoka kwenu mara ya mwisho alituambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Nilimshukuru Mungu, ingawa Parfait ni mtu wa kupamba habari, wewe unamjua. Niandikie mwenyewe, uniambie ukweli.

Sisi hapa hatujambo. Mke wangu Elikia alishikwa na homa mwezi wa saba, ikamwangusha siku nne. Siku ya tano alinikemea kwa sababu nilifua shuka vibaya, ndipo nikajua amepona. Binti yetu Christelle bado anasomea uuguzi kule Mibirizi. Anakuja mwisho wa mwezi, anakula kila kilichomo sufuriani, analala, anarudi. Mvua zimeanza wiki hii na kilima cha nyuma ya nyumba kimekuwa kijani tena. Samaki wadogo wa sambaza ni wachache sokoni wakati huu, kwa hiyo tunakula maharagwe na kulalamika.

Utauliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Sababu ni kwamba kila ninalokuandikia kwenye simu linasomwa na koperative nzima, kwa maana wewe hujui kuandika pembeni, unanijibu palepale kwenye kundi mbele ya watu wote. Haya ya leo nataka uyasome peke yako, umevaa miwani, na chai karibu. Barua anakuletea Parfait mwenyewe.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza. Umesema umepokea karatasi yenye mihuri miwili, ikikuomba ukubali kuwa Prezida wa Heshima wa Maisha wa koperative yetu ya washonaji. Umesema umefurahi kidogo, umeogopa kidogo, na unataka kujua mimi ndugu yako ninasemaje. Ninasema ukatae. Hiyo karatasi iliandikwa mwezi wa saba, na tangu hapo mambo yamepita juu yetu. Mwaka huu nusura koperative uliyoianzisha ife, na watoto mia moja na sitini wa shule moja ya Gikundamvura nusura waanze mwaka bila sare. Mimi ni mmoja wa waliokaribia kuiua. Ndiyo maana nakueleza yote kutoka mwanzo.

Wewe ulipotuacha hapa miaka minne iliyopita tulikuwa watu kumi na wanne na vyeo vitatu, tena vitatu hivyo vilikuwa vya karatasi tu. Aliyefika kwanza alifungua mlango. Aliyemaliza kwanza alifagia. Ukitaka uzi, uliinuka ukauchukua. Hatukujua kama huo nao ni utaratibu, tulidhani ni maisha tu.

Kisha tukamchagua Hakizimana kuwa prezida. Nisimseme vibaya, maana ni mtu wa moyo mzuri, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Hakizimana hawezi kumwambia mtu hapana. Mzee Fabien alinuna kwa sababu hakuchaguliwa, akakaa wiki mbili bila kusalimia. Hakizimana akamtuliza kwa kumfanya Mshauri wa Kudumu. Fabien akarudi anacheka. Sasa watu wakaona njia. Aliyechelewa kupewa kazi alinuna, akapewa cheo. Aliyefiwa alipewa cheo cha kumfariji. Mama mmoja alifanya vizuri sana kwenye harusi ya binti wa prezida, akatoka pale akiwa Mkuu wa Protokole. Wewe unajua kwetu hapa mkubwa haachwi na kinyongo, lazima apewe kitu. Zamani tulikuwa tunampa kiti cha mbele na soda. Cheo ni rahisi kuliko soda.

Halafu akaja bwana mmoja wa semina, akachora visanduku ubaoni. Juu kisanduku kimoja, chini viwili, chini vinne, na mistari ya kuviunganisha. Akasema wafadhili wakiona visanduku vingi wanajua hapa kuna watu makini. Tulipiga makofi. Wiki iliyofuata Hakizimana aliita mchora vibao, visanduku vikachorwa ukutani kwa rangi ya bluu na ya kijani, pale ilipokuwa rafu ya vitambaa. Rafu iling'olewa. Vitambaa vikawekwa chini kwenye maturubai.

Kufika mwezi wa sita mwaka huu, kati ya watu kumi na wanne tulikuwa na wakubwa kumi na mmoja. Kulikuwa na Koordinata wa Maendeleo, Msimamizi Mkuu wa Vifaa, na Idara ya Kupiga Pasi iliyokuwa na mkuu na naibu wake. Pasi yenyewe ni ileile moja ya makaa unayoijua, yenye mpini uliofungwa waya. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Chetu hata mrama hakikwenda, kilisimama tu.

Na mimi, Yaya, nilikuwa Direkta wa Ufundi.

Usicheke, au cheka kidogo kisha uendelee kusoma. Siku ya kwanza baada ya kupewa hicho cheo, miaka miwili iliyopita, nilifika asubuhi kama kawaida, nikatandaza kitambaa mezani, nikashika makasi. Mama mmoja alikuja, akayatoa mkononi mwangu taratibu, kwa heshima yote. Akaniambia, "Direkta hakati, Papa. Batu batatucheka."

Hakuwa na ubaya. Ndivyo tulivyolelewa: ukimwona mkubwa wako amebeba gunia na wewe umesimama, aibu ni yako. Na hakuna aliyetaka aibu, basi kila aliyepanda cheo alinyang'anywa kazi mikononi na wale waliomheshimu. Koordinata alinyang'anywa cherehani. Mkuu wa Pasi alinyang'anywa pasi, nayo akapewa naibu wake, na naibu naye akanyang'anywa.

Lakini siwezi kusingizia desturi peke yake. Nilifurahi. Miaka thelathini na moja nimekata vitambaa nimeinama, mgongo unajua, na sasa nimepewa meza isiyo na kitu juu yake na kiti chenye mikono. Chaki niliitoa mfukoni nikaweka kalamu mbili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa kweli. Elikia ndiye peke yake aliyekataa kuniheshimu. Alikuwa akiniita Bwana Direkta kila maji yakiisha ndani ya nyumba, na Bwana Direkta alikuwa anashika jerikani anashuka bombani. Niliudhika sana wakati ule. Leo namshukuru, maana jerikani lile ndilo lilikuwa kazi pekee iliyobaki mikononi mwangu.

Waliobaki bila cheo walikuwa watatu. Wawili wakaondoka mapema, wakaanza kushona kwenye baraza za nyumba zao. Akabaki Kamikazi. Unamkumbuka, yule mwembamba, mjane wa fundi wa redio, uliyemfundisha mwenyewe kutia kola. Sasa ana miaka arobaini na zaidi na mkono wake umekuwa mzuri kuliko wetu sote. Ile kazi ya sare za Gikundamvura ilipokuja mwezi wa sita, mashati na kaptula na sketi za watoto mia moja na sitini, sisi kumi na mmoja tuliipokea kwa hotuba, na Kamikazi akaipokea kwa kukaa kwenye cherehani.

Nikupe mfano mmoja tu uone. Kamikazi aliishiwa uzi mweusi. Zamani angeinuka akachukua. Sasa uzi ulikuwa ndani ya kabati la Msimamizi Mkuu wa Vifaa. Msimamizi akasema lazima pawe na barua ya kuomba. Barua ikaandikwa, ikapita kwa Direkta Msaidizi wa Ufundi, ikaja kwangu, nikaandika "nimeona" kwa kalamu nyekundu, ikaenda kwa prezida atie sahihi, na muhuri ulikuwa kwa katibu, na katibu alikuwa amekwenda kwenye msiba Nyakabuye. Uzi ulitoka siku ya tisa. Siku hizo zote Kamikazi alikuwa akifika saa moja asubuhi, anakaa kwenye cherehani, mikono imelala magotini. Nilipita mbele yake mara nyingi nikiwa na makaratasi.

Mwalimu mkuu wa ile shule ni mama anayeitwa Gasaro. Mwezi wa sita alituandikia akiomba kuona sare moja ya mfano. Tulifanya mkutano. Mwezi wa saba akaandika tena. Tulimjibu kwa karatasi yenye muhuri kwamba barua yake imepokelewa na imekabidhiwa idara inayohusika. Mwezi wa nane mwanzoni hakuandika, alikuja mwenyewe, kwa pikipiki na kisha kwa basi dogo, viatu vyake vimejaa vumbi la barabara ya Bugarama. Alisimama mlangoni. Sisi kumi na mmoja tulikuwa kwenye mkutano wa kupanga mkutano mkuu. Akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Hapa nasemesha nani?"

Tukatazamana. Kwa utaratibu wa visanduku, mgeni alipaswa kupokelewa na Mkuu wa Protokole, naye alikuwa katikati ya kusoma ripoti. Tukamwomba mwalimu mkuu akae kwenye benchi. Alikaa pale karibu saa nzima akimtazama Kamikazi anavyoshona peke yake upande wa pili wa chumba. Kisha akainuka. Alitwambia kwamba shule inafunguliwa Jumatatu tarehe tisa mwezi wa tisa, na kama Jumamosi ya kabla yake sare hazijafika, kazi ataipeleka kwingine na watoto wataanza na nguo za nyumbani. Akaongeza kwamba wazazi wa kule walishakubaliana kwa shida kutuamini sisi, kwa sababu ya jina lako. Ndiyo, Yaya. Alikutaja.

Wote tulijua maana yake. Hatukuwa na kazi nyingine. Kile chumba tunachoshonea tulipewa kwa masharti kwamba kinafanya kazi, na tangu mwaka jana macho ya wengine yalikuwa juu yake. Sare zikishindwa, chumba kinakwenda, na koperative imekwisha.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu, Kamikazi alimaliza shati alilokuwa akilishona, akalikunja, akafunika cherehani kwa kile kitambaa chake cha maua, akatuaga kila mmoja kwa mkono, akaenda. Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Sare zilizokwisha zilikuwa sitini na kitu, na siku zilizobaki zilikuwa kama kumi na nane.

Tuliitana mkutano wa dharura. Huu ndio mkutano ninaouonea haya kuliko yote. Kila mmoja alieleza kwa nini Kamikazi ameondoka, na sote tulikubaliana juu ya sababu moja: amekasirika kwa kuwa hana cheo. Haikumjia mtu sababu nyingine. Sisi wenyewe hilo ndilo lingetukasirisha, basi tukampimia kwa futi yetu. Tukampa cheo kirefu kuliko vyetu vyote, Direkta Mkuu Msaidizi wa Uzalishaji na Ubora. Kikaandikwa, kikapigwa muhuri, na safari hii muhuri ulipatikana siku hiyohiyo.

Mimi na Hakizimana tukapeleka ile karatasi nyumbani kwake, kule chini karibu na ziwa. Alikuwa akipukuchua maharagwe barazani. Alitupa viti, akatuletea chai na ndizi za kuchemsha, akauliza habari za Elikia na habari zako. Kisha Hakizimana akasimama, akasoma karatasi yote kwa sauti, pamoja na tarehe na namba ya kumbukumbu. Kamikazi alimsikiliza mpaka mwisho. Aliichukua karatasi, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Aksanti sana, Papa Prezida," akasema. "Lakini mukinipa mi pia cheo, nani atabakia kushona?"

Hakizimana alianza kueleza kwamba watapatikana, kwamba kuna mpango. Kamikazi hakumkatiza. Alimwacha aseme mpaka maneno yakamwisha, halafu akanigeukia mimi.

"Na weye Papa Gratien, makasi yako iko wapi?"

Yaya, sikujua. Yale makasi baba aliyonunua Bukavu kabla hujaolewa, yale ambayo mimi na wewe tuligombana juu yake alipokufa, mpaka ukaniachia. Nilitazama kikombe changu. Nakuambia ukweli kwamba nimefiwa, nimeugua, nimekimbia na mzigo kichwani, lakini aibu kama ile ya barazani pale ilikuwa haijawahi kunipata. Tulipanda kile kilima kurudi, mimi na Hakizimana na ile karatasi yake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Msimamizi Mkuu wa Vifaa. Makasi yalikuwa mle kabatini, yamebandikwa namba, yameanza kutu kwenye msumari wa kati. Akasema hawezi kuyatoa bila barua ya maombi iliyoidhinishwa na Direkta wa Ufundi. Nikamwambia Direkta wa Ufundi ni mimi. Akasema vizuri, basi andika. Nikaketi nikajiandikia barua, nikaisoma, nikajikubalia, nikaweka sahihi mara mbili. Sijui kama alikuwa ananitania au la. Nilisugua makasi kwa mafuta na mchanga laini, nikatandaza kitambaa, nikainama.

Yule mama wa siku ya kwanza alikuja tena kunizuia. Nilimwomba aniache. Nilimwambia kama anataka kuniheshimu ashike upande ule wa kitambaa kisiteleze. Alisita, kisha akashika. Mchana akawa amekaa kwenye cherehani. Siku ya pili walikaa watatu. Mkuu wa Pasi na naibu wake walibishana kwanza nani aguse pasi, na wakiwa bado wanabishana Hakizimana mwenyewe aliinyanyua, akaitoa nje, akaanza kupuliza makaa. Prezida mzima, majivu usoni. Hakuna aliyethubutu kumpokonya. Jioni alirudisha rafu, akaipigilia palepale kwenye ukuta wa visanduku. Kisanduku changu sasa kiko nyuma ya majora ya kaki.

Sasa nikueleze jambo nililolificha hata kwa Elikia. Mkono wangu ulikuwa umesahau. Miaka miwili si mingi, lakini nilipokunja kitambaa tabaka sita ili nikate sketi kwa pamoja, nilisahau kuacha cha pindo. Nilikata kwa haraka na kwa majivuno, nikitaka waone kwamba bado ni mimi. Nilipozipima, sketi ishirini na tatu zilikuwa fupi. Hakukuwa na kitambaa kingine cha rangi ile. Nilizikusanya nikazisukuma chini ya meza, nikakaa. Nililia kidogo, nakuambia wewe tu. Sikulilia vitambaa. Nililia kwa sababu nilijua kitu kimoja tu duniani, nikakibadilisha na kiti chenye mikono.

Siku ya tatu Kamikazi alirudi. Hatukumwita. Jirani yake alikuwa amemwambia kwamba mzee anakata tena, basi akaja kutazama kwa macho yake. Aliondoa kitambaa cha maua kwenye cherehani yake, akaniuliza zilizokatwa ziko wapi, na kabla sijasema uongo akaziona chini ya meza. Alipima moja. Alipima ya pili. Kisha akachukua mabaki ya kitambaa cha mashati, ile bluu nyepesi, akakata ukanda wa vidole vinne na kuushonea chini ya sketi, akaupiga pasi, akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa umekaa kama uliokusudiwa.

Nilijaribu kumwomba msamaha. Alikuwa tayari anatia uzi kwenye sindano.

"Mukono inasahau, Papa," akaniambia. "Lakini inarudia."

Tulishona siku zote zilizobaki, pamoja na siku mbili ambazo umeme haukuwepo, na zile cherehani za miguu ulizokataa tuziuze zilituokoa. Mzee Fabien peke yake hakugusa kitu. Alisema mshauri hushauri, akaenda nyumbani, na mpaka leo hanisalimii. Mama yetu alikuwa akisema ukubwa ni jalala, kila taka hutupwa pale. Sisi tulitaka jalala lisilotupwa taka.

Jumamosi tarehe saba alfajiri sare zilizokuwa tayari ni mia moja na arobaini na nane. Hazikutimia, nakuambia kama zilivyokuwa. Tulipanda basi dogo mpaka linapoishia, halafu tukapandisha kile kilima cha Gikundamvura kwa miguu, kila mtu na mzigo wake kichwani. Wanawake waliokuwa wanalima mihogo waliinuka kututazama. Hakizimana alibeba furushi kubwa kuliko yetu, na njia nzima alikuwa akituuliza kama tumechoka, ili tuseme ndiyo apumzike.

Mwalimu mkuu Gasaro alitupokea uani. Hakutabasamu wala hakununa. Alihesabu, akaambiwa kumi na mbili bado na zitakuja wiki inayofuata, akaandika. Halafu akaanza kufungua moja moja. Mashati yalipita. Kaptula zilipita. Akafika kwenye sketi, akashika ile yenye ukanda wa bluu, akaigeuza, akatafuta nyingine, akaona nayo ina ukanda, na nyingine haina. Akatuinulia ile sketi.

"Na huu mukanda wa hapa chini ni wa nini?"

Ukimya uliingia, Yaya, nami ninaujua ukimya ule. Ni ukimya wa watu wanaotafuta swali hili liko katika kisanduku cha nani. Nilimwona Koordinata akimtazama Mkuu wa Protokole, na Mkuu wa Protokole akimtazama prezida, na prezida amefumbua mdomo kutafuta maneno mazuri. Kamikazi alitazama chini. Angeweza kunitaja, hakunitaja.

Nikasogea mbele. Nikasema, "Nilikata fupi, Maman. Ni mimi. Huyu dada njo alizitengeneza."

Mwalimu mkuu aliishusha sketi, akailaza vizuri juu ya zile nyingine, akalainisha ule ukanda kwa kiganja.

"Tangu mwezi wa sita mi nabaandikia," akasema. "Leo njo mumenijibu."

Akatuita ndani tunywe chai. Zile kumi na mbili tulizipeleka Alhamisi iliyofuata, mimi na Kamikazi, na tukarudi na kazi ya shule ya jirani yake.

Hayo ndiyo, Yaya. Usikubali ile karatasi. Anayekuheshimu kule Gikundamvura hajui cheo chako, anajua mishono yako. Ukitaka kutufanyia jema, mtume Parfait na ile sindano nene ya kushonea turubai, hapa zimeadimika.

Nisalimie sana shemeji Mukengere, mwambie deni la mchezo wa karata halijafa. Nisalimie wanao, Ciza na mke wake, na Manzi, na yule mdogo wa mwisho ambaye sijamwona, mwambie ana mjomba. Elikia anakusalimu na anasema upunguze chumvi. Christelle anasema usisahau dawa ya presha. Kamikazi nilimwambia nakuandikia, akasema nikusalimu tu, bila kuongeza neno.

Mungu aulinde mlango wako mnapotoka na mnapoingia, na alinyooshe hilo goti mpaka lifike Kamembe. Nisamehe mwandiko. Vidole vyangu vimevimba kwa makasi na kalamu vinaishika kwa shida, na ni miaka miwili sijalala vizuri kama wiki hizi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Gratien